Taka za kinu cha muungano huamuliwa kwenye tanuri la chuma

Wapigadebe wa umeme wa kuunganisha viini vya atomu wana kauli mbili. Wenye pupa husema kinu chao hakitakuwa na taka za mionzi. Waangalifu husema taka zitakuwepo, ila ni za muda mfupi. Kauli ya kwanza ni uongo mtupu. Ya pili inaweza kuwa kweli, lakini kwa masharti ambayo hayatajwi sana mbele ya wawekezaji.

Tuwatendee haki kwanza. Vinu vya nyuklia vya leo, vinavyopasua viini vya urani, huacha fueli iliyotumika yenye plutoni, na aina moja ya plutoni hiyo huchukua zaidi ya miaka 24,000 kupungua kwa nusu. Ndiyo maana Wafini wamechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, wakayazike huko mabaki yao. Kinu cha muungano hakina mzigo wa namna hiyo. Jivu lake ni heliamu, na heliamu haina neno.

Mkorofi ni nyutroni. Duteri na tritiamu, aina mbili za haidrojeni ambazo ndizo fueli ya kinu, zikiungana, takriban asilimia 80 ya nishati huondoka na nyutroni moja, chembe isiyo na chaji, kwa hiyo sumaku zinazoishikilia fueli hiyo ikiwa gesi ya moto haziwezi kuizuia. Hupenya ukutani, ikagonga atomu za chuma na kuzigeuza kuwa atomu nyingine. Chuma kilichoingia kinuni kikiwa salama hutoka kikitoa mionzi. Wala nyutroni hiyo haiwezi kuepukwa: ndiyo inayoleta joto la kuzalishia umeme, na ndiyo inayogonga metali ya lithi ili tritiamu mpya ipatikane.

Sasa, hicho chuma kina nini ndani yake? Hapa ndipo penye kesi yenyewe. Kobalti ikimeza nyutroni huwa kobalti-60, yenye mionzi mikali, lakini hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.3 hivi, ukingoja nusu karne na ushei, hubaki kama sehemu moja katika elfu. Hiyo inavumilika. Niobi je? Huzaa niobi-94, ambayo nusu yake huisha baada ya miaka 20,000 hivi. Naitrojeni huzaa kaboni-14, miaka 5,730. Molibdeni huishia kuzaa tekineti-99, ambayo kwayo tunahesabu miaka zaidi ya laki mbili. Niobi na molibdeni huongezwa makusudi kwenye aina nyingi za chuma ili kiwe imara, na hata pale zisipotakiwa hujipenyeza kama uchafu kutoka kwenye madini au vyuma chakavu vilivyoyeyushwa.

Wahandisi wanalijua hili siku nyingi. Ulaya wametengeneza chuma kiitwacho EUROFER97 na Japani wana F82H. Humo molibdeni, niobi na nikeli zimeondolewa, zikawekwa tungsteni, vanadi na tantali. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini kutoa kipande safi cha maabara ni jambo moja, na kuagiza maelfu ya tani kutoka kwenye matanuri ya biashara, niobi ikidhibitiwa hadi sehemu chache kwa milioni, ni jambo lingine kabisa. Hata ITER, kinu cha majaribio cha kimataifa kule kusini mwa Ufaransa, chombo chake kikuu kimejengwa kwa chuma cha pua chenye nikeli na molibdeni, kwa sababu ndicho chuma kinachofahamika na kuthibitishwa. Siwalaumu; ITER ni ya utafiti. Kampuni itakayouza umeme haitakuwa na kisingizio hicho.

Halafu kuna wingi. Kuta za ndani huchoka kwa kupigwa na nyutroni, kwa hiyo zitabadilishwa mara kadhaa katika uhai wa kinu. Kila zinapobadilishwa, tani nyingi za chuma hutoka zikiwa na mionzi, zishikwe na roboti, zihifadhiwe mahali. Ukali utakuwa mdogo kuliko wa fueli ya urani, lakini mrundo wenyewe unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Tritiamu nayo ina vituko vyake. Hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, ila kwa kuwa ni haidrojeni, hupenya ndani ya metali na kujificha humo, na ikiingia kwenye maji huwa sehemu ya maji yenyewe. Waulizeni Wajapani kelele zilizozuka walipoanza kumwaga baharini maji ya Fukushima mwaka 2023. Kule Culham, Uingereza, kinu cha utafiti wa muungano kiitwacho JET kilizimwa Desemba 2023 baada ya miaka 40, na kukibomoa kunatarajiwa kuchukua hadi karibu 2040. Sehemu ya kazi hiyo ni kuitoa tritiamu kwenye vipande vya ndani. Nashauri kila anayepanga kujenga kinu apeleke watu wake wakajifunze hapo, maana matangazo ya kampuni hayatawafundisha.

Sheria zimeamua kulegeza kamba. Aprili 2023 tume ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani ilichagua kuvisimamia vinu hivi kwa mfumo unaotumika kwa mashine za kuongeza kasi ya chembe, na mwaka huohuo sheria ya nishati ya Uingereza ikaviondolea sharti la leseni ya eneo la nyuklia. Kwa upande wa ajali nakubaliana nao: muungano ukivurugika, huzimika wenyewe. Kwa upande wa taka sikubaliani. Mashine ya kuongeza kasi ya chembe haiachi maelfu ya tani za chuma chenye mionzi.

Ningetaka leseni iwe na masharti mawili. La kwanza, kila mkupuo wa chuma upimwe niobi, molibdeni na naitrojeni kabla haujachomelewa, na majibu yawekwe hadharani. La pili, fedha za kubomoa na kuhifadhi ziwekwe kwenye mfuko usioguswa na kampuni kabla tritiamu ya kwanza haijaingia kinuni. Na kampuni itakayosema masharti hayo ni ghali, ituonyeshe kwanza bei yake ya umeme ilihesabiwa vipi.