Povu halikutoka mdomoni mwa mama mkwe

Haya, kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya mapovu, nisikilizeni mimi nliyekuwepo. Shoga yangu wa Ntinda hakuwepo. Yeye alipigiwa simu tu, na mimi mwenyewe, saa tatu usiku nikiwa nalia, akachukua machozi yangu akayafanya stetasi, na sasa hata watu niliosoma nao praimari kule Jinja wananiuliza eti ni kweli mama mkwe alitoka povu mdomoni. Hapana. Povu lilitoka, siwezi kudanganya, lakini si mdomoni.

Mnajua mimi ni mtoto wa kambi. Nimelelewa kwenye kota za wanajeshi kwa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, na Kiswahili ndo lugha ya nyumbani. Halafu nikaenda kuolewa na Mnyankole, mtu wa Ankole kule magharibi mwa Uganda! Eshabwe niliiona kwa mara ya kwanza siku ya harusi yangu mwenyewe, nikadhani ni mtindi, nikainua bakuli ninywe. Shangazi wa mume wangu alinishika mkono hewani. Huyo shangazi mkumbukeni, atarudi.

Kwa wale wasiojua: eshabwe ni ule mchuzi mweupe wa baridi wa Ankole. Moto hauhusiki. Ni samli ya kienyeji unaikoroga na maji ya ekisura, ile chumvi ya mawe ambayo kwetu tungeiita magadi tu tukatia kwenye maharage yaive upesi, unakoroga mpaka ile njano inageuka nyeupe pee, unaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, unachuja. Inaliwa na karo, yaani ugali wa ulezi, au matoke. Na si chakula cha kila siku, ile inawekwa mbele ya mgeni wa heshima. Sasa mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Mbarara, mgeni gani tena kumzidi huyo?

Nikalipa elfu hamsini nikaenda klasi ya mapishi, Jumamosi moja tu. Mwalimu alikuwa mzuri, tatizo lake hana vipimo. Ukimuuliza maji ya ekisura kiasi gani anasema, "Kidogo kidogo, nyabo, macho yako yatakuambia." Mimi macho yangu hayajawahi kuniambia kitu chochote cha maana, angalieni tu wanaume niliowahi kuwapenda kabla ya huyu. Lakini yake mwalimu iligeuka nyeupe mbele yetu kama mchezo, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku yenyewe nikatoa samli kwenye friji. Na hii ndo inaniuma zaidi jamani, samli ile aliileta mama mkwe mwenyewe safari iliyopita, ya ng'ombe wake, ameifunga vizuri, harufu yake tu unasikia malisho. Ilikuwa imeganda kama tofali. Mtu mwenye akili angeisubiri ilainike. Mimi nikaanza kukoroga. Njano. Nikatia maji ya ekisura. Njano. Mkono unaniuma, basi limeshapita Masaka, mume anapiga simu kila baada ya dakika kumi kuuliza kama "ile kitu" iko tayari, nikatia tena, nikatia tena, mwisho nikaona hivi vijiko vinanichelewesha, nikamimina kikombe. Ikageuka! Nyeupe, inang'aa, nzito, inavutika. Nikaipiga picha nikamtumia shoga. Akajibu, "Mbona inang'aa hivyo?" Nikasema ni wivu.

Mnauliza nilionja? Sikuonja.

Sasa mezani. Nimepiga magoti, nimesalimia, nimenawisha watu mikono, nimeweka bakuli mbele ya mama mkwe. Akaliangalia akatabasamu, tabasamu ambalo kwa miaka minne ya ndoa sijawahi kulipata. Akamega karo. Akaifinyanga polepole, akaibonyeza kwa dole gumba ikawa na kishimo. Akachovya. Akainua. Eshabwe haikudondoka, ilining'inia kwenye tonge kama kamasi la mtoto, ikarefuka, ikakatika yenyewe. Hapo moyo ukapiga mara moja, pu. Akaweka mdomoni. Akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili. Akaacha kutafuna.

Yaani aliacha tu, mdomo umefungwa, macho yanatazama kalenda ukutani. Nikaona ulimi unasogeza kitu shavu la kushoto. Kikakaa pale. Ukakihamishia la kulia. Feni inazunguka, mume wangu mkono umeganda juu ya sahani, hata mtoto ambaye huwa hanyamazi alinyamaza. Mama mkwe ni mtu wa adabu, hawezi kutema mbele ya watu, kwa hiyo akafumba macho, shingo ikapanda, ikashuka, nikasikia kabisa ile gulp. Akafungua macho, akanitazama, akasema, "Weebare." Asante! Ameniambia asante!

Ningekufa na siri yangu kama si shangazi. Shangazi yeye adabu hana. Alichovya kubwa, akaweka, akatoa saa hiyo hiyo kwenye kiganja, akainusa, kisha akasema neno moja tu. Mimi Kinyankole changu ni cha salamu na kuomba radhi, lakini neno hilo halikuhitaji mkalimani.

"Esabuuni."

Mume wangu mpenzi akataka kuniokoa, akajaza mdomo, akasema "mbona tamu" huku machozi yanamtiririka. Banange, huyo mwanaume sitamwacha.

Mengine ni ya haraka. Mtoto wa jirani alitumwa barabarani kuleta rolex sita, wageni wakala chapati na mayai na wakashiba. Nikampigia mama yangu, sikupata pole, nilipata kicheko, halafu akanikumbusha kwamba bibi alikuwa anachanganya maji ya majivu na mafuta kutengeneza sabuni ya kufulia, "na wewe umefanya nini tofauti?" Ndo baada ya hapo nikafanya kosa la kumpigia shoga.

Na povu lilitokea jikoni. Nilikuwa naosha lile bakuli, nimemimina maji ya moto tu, sijatia kitu kingine, na bado likapanda hadi kwenye viwiko. Sahani iliyokuwa chini yake ikatakata kuliko siku niliyoinunua. Nikasikia mtu nyuma yangu, nikageuka, ni mama mkwe amesimama mlangoni anaangalia. Sasa huyu mama Kiswahili anachojua ni kile tu alichosikia kwenye vizuizi vya wanajeshi zamani, simama, toa kipande, yaani kitambulisho, lete. Akaangalia povu, akaniangalia mimi, akarudi mezani, akaja na sufuria zangu zote zilizoungua masizi kazipanga kifuani, akazitua mbele yangu, akaelekeza kidole kwenye eshabwe iliyobaki.

"Lete yote."