Fundi Mwenye Fundo

Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi cherehani wa Tanga kumi la mwisho la Ramadhani si la kulala. Watu hukumbuka kanzu zao ikibaki wiki moja. Mwaka jana nilipokea kanzu 18, kila mwenyewe akiniambia "fundi, anza na yangu", na moja ilikuwa ya mzee mmoja mkubwa wa mtaani aliyetaka darizi ya shingoni itiwe kwa mkono, mishono midogo midogo, kama siafu waliojipanga.

Nikainama. Tangu baada ya tarawehe mpaka daku, nimeinama. Usiku wa nne mke wangu akaniita, nikageuka mwili mzima kama basi linalotafuta pa kugeuzia stendi. Nyuma ya bega la kulia, chini kidogo ya shingo, palikuwa na kitu kigumu ukubwa wa kokwa ya zambarau. Ajabu yake, ukikibonyeza begani, maumivu yanapanda shingoni mpaka kwenye paji la uso.

Bibi wa chumba cha pili akakigusa kwa kidole gumba, nikaruka.

"Mjukuu wangu, hiki umetupiwa."

"Na nani, bibi?"

"Na fundi mwenzako wa barabara ya pili. Wewe una kanzu 18. Yeye anazo ngapi?"

Nakiri swali lilinikaa. Siku mbili nilimpita yule bwana bila salamu.

Mke wangu, ambaye haamini mambo hayo mpaka yampate yeye, akanipeleka hospitali kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli. Binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo baba. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Fundi cherehani."

Hakuuliza la pili, akaenda moja kwa moja na kidole chake kwenye kokwa.

Nilitaka apige picha tulione hilo fundo. Akasema eksirei haionyeshi kitu cha namna hii, tena hakuna kilichofungwa pale. Misuli ni nyuzi nyembamba ambazo kazi yake ni kujikunja na kujikunjua. Mtu akiinama saa nyingi, mikono iko mbele, nyuzi chache za begani ndizo zinazobeba zamu bila kupokewa, maana kichwa peke yake kina kama kilo 5 na lazima kishikwe. Zikizidiwa hazilegei tena, zinabaki zimejikunja. Hapo damu inapita kwa shida, na uzi usiopata damu ya kutosha hukosa nguvu hata ya kujiachia. Akasema wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya hilo, lakini hayo ndiyo maelezo yanayotumika zaidi.

Mimi nilimwelewa kuliko alivyodhani. Ni uzi wa bobini, ule wa chini ya cherehani, uliokazwa mno: nguo inakunjamana kule juu, mteja anagombana na pindo, na kosa liko kwenye bobini.

Akanisimulia pia kuhusu daktari mmoja wa Marekani, Janet Travell, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mafundo haya. Alimtibu mgongo Rais Kennedy, na mwaka 1961 akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa rais kule Ikulu yao. Ndiye aliyemshauri Kennedy akalie kiti cha kubembea. Nikavimba kifua, kumbe naumwa ugonjwa wa wakubwa. Njiani nikamwambia mke wangu na mimi nahitaji kiti kama hicho. Akasema, "Baba watoto, kiti chako cha cherehani kina mguu mmoja mfupi. Bembea."

Nilipewa masharti: niinuke kila nusu saa, nizungushe mabega, nijikande kwa kitambaa cha moto, na nichukue mpira mdogo kama wa tenisi, niuweke kati ya bega na ukuta, niegemee polepole kwa sekunde 30 hivi.

Mpira wa tenisi nyumbani kwangu utoke wapi? Palikuwa na ndimu.

Usiku ule umeme ulikatika. Mke wangu alikuwa ameshanipaka dawa ya kuchua, ile yenye mentholi na kafuri, yaani karafuu maiti, nusu kopo. Nikapapasa ukuta gizani, kifua wazi, nikatega ndimu, nikaegemea. Loo! Nilitoa mguno mpaka bibi wa chumba cha pili akakohoa kwa makusudi. Nikajisugua juu, nikajisugua chini. Nikasema moyoni, ukuta huu leo mbona mlaini, Alhamdulillahi. Nikaongeza nguvu. Ndimu ikapasuka.

Umeme ukarudi. Nilikuwa nimeegemea kanzu ya mzee.

Tuliifua mara tatu. Doa likatoka. Harufu haikutoka, na kila nikipitisha pasi inaamka upya, chumba kizima karafuu maiti, utadhani tunaandaa jeneza. Alfajiri mzee akaja kuichukua. Akanusa, akanitazama. "Fundi, kuna msiba?" Nikasema hapana mzee, ni udi mpya.

Kwenye swala ya Idi nilijipanga safu ya nyuma kabisa. Jua likapanda, kanzu ikapata joto. Hotuba haijafika kati, nikamwona mzee anafuta machozi. Waliomzunguka nao wakaanza kufuta. "Mzee yule ana hofu ya Mungu," jirani yangu akaninong'oneza, naye jicho limemwiva.

Idi pili nikamwona anakuja dukani. Nikatafuta mlango wa nyuma, nikakumbuka duka langu halina. Mzee akaketi, akazungusha bega la kushoto, akalizungusha tena.

"Fundi, bega hili limenisumbua mwaka wa tatu. Tangu jana ni jepesi. Kanzu ile ni kitambaa gani? Nishonee mbili."

Nikamwambia kitambaa kile kinapatikana Ramadhani tu.