Mechi 27, Pointi 27, Jezi 41

Jezi zimebaki 41. Nimezihesabu Jumapili asubuhi kabla soko la Kibuye, hapa Kisumu, halijachangamka, nikazihesabu tena jioni nikiomba pengine mwizi awe amepita. Wapi! 41. Mwizi naye anaangalia mpira.

Ninyi mkikaa mkijadili ule msimu wa 2024/25 wa Manchester United chini ya kocha mpya, mnajadili kwa mdomo. Mimi najadili kwa mfuko. Novemba 2024, Ruben Amorim alipotua kutoka Sporting ya Ureno, nilipanda basi la usiku mpaka Nairobi, nikaingia soko la mitumba la Gikomba na pesa ambazo Nyar Ugenya, mke wangu, alijua ni karo ya Januari. Nikachukua jezi 60. Zote nyekundu, zote kamera, yaani daraja la kwanza; fagia, yale mabaki, hata moja hakuna. Muuzaji akaniuliza, "Mkubwa, huchanganyi na Liverpool kidogo? Nao wana kocha mpya." Nikamcheka. Nilimcheka yule mtu mpaka nikashika ukuta. Leo nikikikumbuka kile kicheko natamani kingekuwa na risiti, nikirudishe.

Lakini jamani, ningejuaje? Kocha kijana, ndevu zimepangwa, ligi ya kwao ameibeba mara mbili. Mechi ya kwanza, kule Ipswich, dakika ya pili tu Rashford akatikisa nyavu. Nikamwambia jirani yangu anayeuza soksi, "Omera, tumerudi." Ikaisha 1-1. Sawa, mgeni siku ya kwanza haulizwi kuni. Kisha ikaja ile ya Manchester City, Desemba 15, kwao. Mpaka dakika ya 87 tulikuwa tunalala 1-0, dakika ya 90 tukawa tunaongoza 2-1, bao la ushindi la Amad Diallo. Jumatatu yake niliuza jezi 11 kabla ya saa sita. Kumi na moja! Nikaagiza samaki mzima pale Lwang'ni, nikala peke yangu kama mkurugenzi, kichwa na vyote.

Yule samaki ndiye faida pekee niliyoiona.

Krismasi nikaenda nyumbani Seme nimevaa bidhaa yangu mwenyewe, maana tangazo ni mwili. Bournemouth walikuwa wameshakuja kwetu wakatuchapa 3-0. Tarehe 26, Wolves 2-0. Tarehe 30, Newcastle 2-0, tena kwetu. Mabao saba kwa sufuri katika siku tisa. Binamu zangu walikuwa wananipa mkono bila kusema neno, mmoja mmoja, kwa foleni, kama wanaopita mbele ya jeneza. Shangazi ambaye mpira haujui hata kwa harufu akaniuliza nani amekufa.

Halafu Januari, baada ya Brighton kutupiga 3-1 uwanjani kwetu, kocha mwenyewe akakaa mbele ya waandishi wa habari akasema huenda hii ndiyo timu mbovu zaidi katika historia ya klabu. Sasa mimi ni mchuuzi. Hebu fikiria nisimame juu ya meza yangu Kibuye Jumapili, soko limefurika, nipige kelele: "Jezi hizi! Jezi mbovu! Huenda ndizo mbovu zaidi tangu soko hili lianze! Njoo uchague!" Kweli ni kweli, sikatai, lakini kuna kweli za kuambiana chumbani taa zikiwa zimezimwa. Wiki ile mteja alishika jezi, akaigeuza, akaipeleka puani, akairudisha mezani taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Niseme haki pia. Kuna usiku mmoja uliostahili pesa zake, nao sikuuona.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 17 Aprili, mkesha wa Ijumaa Kuu, mechi ya marudiano na Lyon katika Ligi ya Uropa. Kibanda cha mpira Kondele kimejaa hadi tumekalia mapaja ya watu tusiowajua. Kiingilio shilingi 30. Tunaongoza 2-0, mtu anagawa njugu bure. Lyon wakarudisha moja, wakarudisha ya pili, zile njugu zikaanza kudaiwa. Muda wa ziada. Wao wako kumi uwanjani, mwenzao ana kadi nyekundu, na hao kumi wakatufunga la tatu, kisha penalti, la nne. 4-2, dakika zimebaki kumi na kidogo, saa imepita sita usiku.

Nikasimama. Nikahutubu. Nilisema mbele ya mashahidi wasiopungua mia kwamba kuanzia usiku ule mimi na Manchester United tumeachana, watoto nimewaachia wao, ng'ombe warudishwe. Nikatoka. Nimefika karibu na daraja nikasikia mlipuko wa kelele nyuma yangu. Nikajua ni mwizi anakimbizwa. Nikaongeza mwendo, maana Kondele usiku hawaulizi mwizi ni yupi. Baada ya muda, mlipuko wa pili. Huyo mwizi ana mbio, nikawaza. Kabla sijamaliza kuwaza, mlipuko wa tatu, na huu ulikuwa na vuvuzela. Hakuna mwizi anayekimbizwa kwa vuvuzela.

Bruno Fernandes penalti, dakika ya 114. Mainoo, 120. Maguire kwa kichwa, 121. Yaani Maguire, ambaye mimi binafsi nimemtukana kwa lugha tatu tangu 2019! 5-4. Nikarudi mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye mtaro. Mlangoni mwenye kibanda akanyoosha kiganja: "Thelathini." Nikamwambia nilishalipa. Akasema, "Ulilipa ukaondoka, na mechi tumeisikia umeipa talaka. Hii ni ndoa mpya." Nikalipa shilingi 30 kuingia kutazama wanaume wazima wakikumbatiana na runinga inayotangaza sabuni.

Fainali siizungumzii. Bilbao, Mei 21, Tottenham, 1-0, basi. Ila lazima niseme hili: Tottenham ndio waliokuwa nyuma yetu kwenye ligi, wao wa 17, sisi wa 15. Timu ya 15 inapigwa na timu ya 17 mara nne msimu mmoja, ligi mara mbili, kombe la Carabao, na fainali! Jirani yangu wa soksi ndiye shabiki pekee wa Tottenham niliyewahi kumwona kwa macho. Miaka yote hii nilidhani ni ugonjwa, nikawa namwonea huruma. Asubuhi ya tarehe 22 alipanga soksi zote nyeupe mbele, akatandaza mkeka, akaniambia nikae nimsimulie ilikuwaje. Hata raha yake haikudumu. Siku kumi na sita baada ya fainali kocha wake, Ange Postecoglou, aliyemletea kikombe cha kwanza tangu 2008, akafutwa. Aliyepata kikombe akaenda, aliyekikosa wakati ule akabaki kazini. Jirani ananiuliza mimi nimfafanulie. Mimi nauza nguo, baba.

Basi msimu ulipoisha likakaa baraza chini ya turubali langu, maana kivuli changu ni cha bure na watu wanakitumia kuliko wanavyotumia bidhaa zangu. Ajenda: kocha abaki au aende.

Mwalimu wa hesabu akaanza. Yeye hana timu, anashabikia mahesabu. Akatoa kalamu. "Tangu aingie, mechi 27 za ligi. Pointi alizopata, 27. Pointi ambazo zingepatikana, 81. Hiyo ni theluthi kamili, haikubaki kitu." Akaitazama ile hesabu kwa upendo. "Hata mtihani ukitungwa hautoki safi namna hii." Akaongeza kwamba hakuna hata mara moja aliposhinda mechi mbili za ligi mfululizo, na kwamba klabu haijawahi kumaliza vibaya hivyo tangu msimu wa 1973/74, ambao ilishuka daraja. "Wa 15 kati ya 20. Shuleni kwangu, mzazi anaitwa."

"Nani aitwe?" mtu akauliza.

"Aliyelipa karo."

Wote wakanigeukia mimi.

Dereva wa tuktuk akamtetea kocha. Kwake yeye kosa si la Amorim; mtu aliitwa katikati ya safari, akakabidhiwa pikipiki ya watu wengine, na yeye maisha yake yote anajua tuktuk tu. Sasa anaiendesha ile pikipiki kana kwamba ina magurudumu matatu. "Atafika," akasema, "ila mtaanguka kwenye kona zote." Nami nikaleta mchango wangu, nikasema ule mfumo wake wa mabeki watatu si dhambi, hata chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Mama anayetuletea chai, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akasema bila kugeuka, "Mafiga ya udongo mbichi, weka matatu, weka saba, uji utamwagika tu. Na wewe unadaiwa vikombe vinne."

Aliyepiga kelele zaidi kwamba kocha afukuzwe leo hii ni fundi seremala wa upande wa pili. Anataka miezi sita itoshe kurekebisha timu! Huyu ana kabati langu. Nimelipa malipo ya awali tangu 2022. Kila nikiuliza ananiambia, "Mkubwa, mbao bado inakauka, lazima tujenge kutoka chini." Nikamkumbusha. Akasema kabati na mpira ni vitu viwili tofauti.

Mzee wetu wa K'Ogalo, yaani shabiki wa Gor Mahia, alikaa tu, fimbo kati ya magoti. Yeye kila mjadala anaufunga kwa 1987, Gor Mahia na Kombe la Mandela, sare na Esperance kule Tunis, sare hapa Nairobi, kikombe kikabaki kwa bao la ugenini. "Hata ligi yenu ya hapa Polisi wamebeba kwa mara ya kwanza, hamkulia. Mnalilia Bilbao. Bilbao mna shamba?" Hatukujibu. Na kweli, jezi ya kijani ya Gor katika mji huu haiulizi nani kocha. Inauzika tu, hata kwenye matanga. Ningekuwa na akili ningechukua 60 za kijani.

Nyumbani nako nikaomba kocha apewe muda. Nilikosea kusema kwa sauti. Nyar Ugenya akaweka mwiko chini. "Muda? Kijana wa kwanza wa kukusaidia sokoni ulimpa wiki mbili. Wa pili, siku nne, eti anakunja jezi vibaya. Wa tatu ulimfukuza kabla hajamaliza chai." Nikasema mpira ni mradi, unataka falsafa. Akaniuliza kama namkumbuka mwanamume mmoja aliyemwoa akiwa na godoro moja na redio bila betri, na msimu wake wa kwanza ulimaliza nafasi ya ngapi. Nikaenda kuangalia kama mlango wa kuku umefungwa.

Kinachoniuma hasa ni kijana wangu. Amezaliwa Juni 2013, mwezi mmoja baada ya Ferguson kuinua ligi ya mwisho na kustaafu. Yaani tangu azaliwe mtoto hajawahi kuniona nikiwa bingwa wa ligi. Nikimsimulia tulivyokuwa tunashinda ananiangalia kwa upole. "Baba, ni kama vile unavyosema ulikuwa wa kwanza darasani." Sasa Liverpool nao si walikuwa na kocha mgeni, Arne Slot, msimu wa kwanza? Akachukua ligi zikiwa zimebaki mechi nne, akawapiga hao hao Tottenham 5-1, taji la 20, wakalingana nasi. Kijana akaomba jezi. Nikakataa. Jumamosi nikamwona ameivaa. Mama yake alimnunulia, na pesa zilitoka kwenye mkebe wa meza yangu.

Nikaanza kupunguza bei. 800, 600, 400. Jumatatu akaja Dani mmoja, yaani bibi, kutoka Ahero, kikapu mkononi, akauliza ya 100 ipo? Anataka sita. Nikamuuliza kama ni za wajukuu. Akasema la, ni za mashamba ya mpunga; mashuke yametoka na kweleakwelea wanammaliza, anataka kuvisha sanamu za kufukuzia ndege. Nilifikiria heshima ya klabu kwa muda wa sekunde mbili hivi. Nikamfungia sita. Zikabaki 35, nami usiku huo nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Leo karejea. Kikapu kilekile. Akatoa zile jezi sita zimekunjwa, moja ina alama nyeupe nyeupe begani.

"Wuoda, zirudishe. Ndege wanakaa juu yake."

Nikamwambia, "Dani, hiyo ni kazi ya sanamu, si ya shati. Pengine umezisimamisha vibaya."

"Nilizisimamisha tatu mbele, tatu nyuma, nikabadilisha, nikazirudisha. Mjukuu wangu amesema sanamu hazina kosa." Akageuka, akamwangalia kijana wangu aliyekuwa ananikunjia mizigo, amevaa ile aliyonunuliwa na mama yake. Akashika kitambaa kwa vidole viwili. "Amesema nitafute kama hii. Unazo?"

Kijana hakusema neno. Alikunja jezi moja, akaiweka, akachukua nyingine.

"Ninazo, Dani," nikasema, "lakini hizo si za 100."