Ukienda makumbusho, tazama na nyumba yenyewe

Kuna jambo linaniuma kila nikienda makumbusho ya huku pwani. Watu wanalipa kiingilio, wanaingia, moja kwa moja mpaka kwenye makabati ya vioo, wanasoma maandishi, picha, kabati la pili, picha, halafu hao nje. Dari hakuna aliyeitazama, ukuta ndio kabisaa. Na huku kwetu jengo lenyewe mara nyingi ndio kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowekwa humo ndani.

Chukua Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga 1593, ramani akachora Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, hayo kila mtu anaambiwa. Lakini angalia chini ya zile kuta. Sehemu ya chini haikujengwa, ni mwamba wa matumbawe wenyewe ulichongwa pale pale ukawa ukuta, halafu juu yake ndio wakaendelea na mawe na chokaa, yaani ngome imetoka kwenye jiwe iliyolikalia. Halafu kuna ile michoro ya ukutani ya mabaharia na askari wa Kireno, wamechora kwa makaa na udongo mwekundu, meli za matanga, watu, samaki. Mimi naipenda kuliko sahani zote za Kichina zilizomo mle. Hakuna mfalme aliyeagiza ichorwe, ni watu tu walikuwa mbali na kwao, wamekaa kwenye zamu, wakachora meli iliyowaleta.

Sasa twende Lamu, maana hapa ndio roho yangu ilipo. Pale Nyumba ya Mswahili, ambayo ni nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, ukipita mlango unaingia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na ukishatoka dakani lazima ukate kona ndio ufike kiwandani, yaani uani, kwa hiyo mpita njia hata mlango ukiwa wazi haoni kitu ndani. Stara imejengwa kwa mawe. Kutoka kiwandani unakwenda msana wa chini, yaani ukumbi mrefu wa kwanza, halafu msana wa juu, mpaka ndani kabisa, na kila ukiingia chumba kingine sakafu inapanda kidogo, wengi wanapanda bila kujua kuwa wamepanda. Vyumba ni virefu lakini vyembamba mno, wageni huuliza kwa nini, jibu liko juu ya kichwa: hesabu zile boriti. Ni miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake, boriti ikifika kama mita 3 hivi imefika, sasa fundi angepanuaje chumba? Yaani msitu wa bahari ndio uliopima vyumba vya mji mzima.

Na zidaka jamani! Ukuta mzima wa visanduku vya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na nakshi zake pembeni, ndani vilipangwa vyombo vya kaure. Usizitazame ukiwa katikati ya chumba, sogea mpaka ukutani utizame kwa ubavu, hapo ndio utaona ule mkato wa kisu kwenye chokaa, na utaona kwamba mistari haifanani sawasawa kwa sababu ni mkono wa mtu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu majengo haya hayatusubiri. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, pale Unguja, Sultan Barghash aliijenga 1883, zile nguzo za chuma, zile veranda, milango ya nakshi, ilikuwa makumbusho pia, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati na watu 2 wakafariki. Wangapi wetu tulipita mle tukatazama ule mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, uliokuwa chini tukatoka bila kuinua macho?

Mimi ombi langu kwa wenye makumbusho, wekeni maandishi ya kueleza dari na kuta kama mnavyoeleza vyungu. Na walimu mnaoleta watoto, wapeni karatasi na penseli wachore kidaka kimoja tu, au boriti zilivyokaa, wapeni nusu saa nzima mbele ya ukuta mmoja, makabati watayaona siku nyingine.