Injini Iko Wazi, Kiti Kimefungwa

Ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba ufunguo wa gari langu nilikuwa nao mkononi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyenipita nje ya Soko la Wakulima hapa Nakuru mchana ule aliniuliza kwanza nimeuacha wapi, kwa sauti ya daktari anayemuuliza mgonjwa habari za pombe, na kila mmoja wao nilimwonyesha ufunguo huo, nikautia kwenye kitasa mbele ya macho yake, nikauzungusha, nao ukazunguka vizuri kabisa, kulia na kushoto, bila kufungua kitu chochote. Kitasa kilikuwa kimekubali kufunga nilipokwenda kununua mayai. Niliporudi na trei yangu, kilikuwa kimestaafu.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle la mwaka 1970, na ugomvi wangu nalo unaanzia kwenye umbo. Mtu mwenye trei ya mayai thelathini anahitaji mahali pa kuiweka ili mikono yake yote miwili ipate kushindana na mlango. Magari ya watu wengine yana paa bapa, yana boneti, yana buti ambalo hata chai unaweza kunywea. Langu limeviringana pande zote. Niliiweka trei juu ya paa, ikaanza safari ya kuelekea kioo cha nyuma. Nikaihamishia kwenye boneti, ikateremka kuelekea taa. Nikaiegemeza kwenye madigadi, yai moja likachomoka na kupasukia juu ya kiatu changu, na mama aliyekuwa akiuza sukumawiki hapo kando akaniambia, "Pole sana, baba," kisha akacheka mpaka akaketi. Mlango wa abiria sitaki hata kuutaja: tundu lake la ufunguo liliziba kabla sijalinunua gari hili, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba magari ya aina hii ndivyo yalivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni mpangilio wa ulinzi wake. Katika gari hili injini iko nyuma, na kifuniko cha injini yangu hakina kufuli. Mpita njia yeyote anaweza kukiinua na kuitazama injini nzima, ikipozwa kwa hewa, bila rejeta wala tone la maji. Akipenda atachomoa ukanda wa feni, akipenda zaidi ataondoka na kabureta. Hakuna wa kumzuia. Kinacholindwa kwa uaminifu wote ni kiti. Betri nayo imefichwa chini ya kiti cha nyuma, tairi la akiba liko mbele chini ya boneti pamoja na bisibisi zangu zote, na boneti hufunguliwa kwa kuvuta kishikio kilichomo ndani ya gari. Mwizi wa vipuri amekaribishwa. Mimi ninayelipa bima ndiye niliyeambiwa nisimame nje.

Tena nisimame hadharani. Aliyefungiwa nje ya Probox huachwa apige simu zake kwa utulivu, lakini aliyefungiwa nje ya Beetle huitishiwa baraza. Kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza kunishauri nivunje kioo, maana kioo hakikuwa chake. Mwingine alipendekeza nilitikise. Bwana mmoja aliyevaa suti alitaka kujua ninaliuza kwa bei gani, na nilipomjibu kwamba haliuzwi, akashusha bei. Kisha mwanafunzi mmoja akatusomea kutoka kwenye simu yake kwamba magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na kwamba la mwisho lilitoka kiwandani huko Puebla, Mexico, mwaka 2003. Watu wakapiga makofi. Milioni 21, nami sijapata kuona duka hata moja mjini Nakuru lenye kitasa chake cha ziada.

Mzee mmoja mwenye gunia la viazi ndiye aliyenimaliza. Alilitua gunia, akalipapasa gari mgongoni, akautangazia umma kwamba hili ndilo lililoshinda Safari Rali. Alisema kweli, nami sina ubishi na historia: Vic Preston alishinda akiwa na Volkswagen mwaka 1954, na Tommy Fjastad akashinda akiwa na Beetle mwaka 1962, enzi ambazo mashindano hayo yalikuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mzee akaendelea kutueleza kwamba hawa wanaokuja siku hizi kutimua vumbi kule Naivasha wanabebwa tu na mitambo, ilhali zamani dereva alitoka topeni kwa nguvu zake mwenyewe na gari likanguruma. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee wangu, huyo Fjastad alikuwa amekwisha kuingia ndani."

Waya wa kutundikia nguo ulipatikana, maana katika mji huu mtu anaweza kukosa karo lakini hakosi waya. Tatizo ni kwamba Wajerumani walilibana gari hili kupita kiasi. Likiwa jipya, mlango ulikuwa mgumu kufunga hadi ushushe kioo kidogo ili hewa ipate pa kutokea. La kwangu si jipya, lakini mwaka jana nilibadilisha raba zote za milango kwa fedha ambazo mke wangu bado anazitaja wakati wa chakula cha jioni, na siku hiyo ndipo raba hizo zilipoonyesha thamani yake. Waya uliingia kama urefu wa ukucha, ukapinda, ukakwaruza rangi, ukatolewa. Aliyekuwa akiushika akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimepinda.

Wakati huo wote askari wa maegesho alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akingoja tuzoeane. Alipoona waya akasogea na kuniuliza kama nina uthibitisho wowote kwamba gari ni langu. Nikamwambia ninao: leseni yangu, cheti cha bima na nakala ya kitabu cha gari. Akaomba kuviona. Nikamwonyesha kwa kidole, kupitia kioo, bahasha ya kaki iliyokuwa juu ya kiti cha abiria. Akainama, akaitazama, akasema bahasha ameiona lakini yaliyomo hajayaona, na kwamba yeye hawezi kuruhusu gari lifunguliwe na mtu ambaye hajathibitisha. Nikamwomba basi anieleze namna ya kuthibitisha kabla ya kufungua. Akasema hiyo si kazi yake, kazi yake ni kulinda. Walinzi wa aina hii wangewekwa kwenye kifuniko cha injini, ningewaheshimu.

Hatimaye fundi wa funguo alifika, kijana mpole asiye na begi. Aliukataa ufunguo wangu bila hata kuugusa, akatazama kitufe cha ndani kinachochomoza chini ya kioo, akatoa mfukoni mkanda wa plastiki wa kufungia makatoni, akaukunja katikati, akaupenyeza taratibu juu ya zile raba zangu za fedha nyingi, akakinasa kitufe na kukivuta juu. Salamu za jirani huchukua muda mrefu zaidi. Umati ukatawanyika kwa masikitiko, hasa yule wa bodaboda aliyekuwa amekwisha kuokota jiwe.

Nilimpa shilingi mia tano, akazipokea, akachungulia kwenye tundu la kitasa. Akasema kichuma cha nyuma kinachosukuma komeo kimekatika, kwamba kazi ya kufungua imekwisha, na kwamba kazi ya kuufanya mlango ufungike tena ni shilingi elfu mbili, kipuri kando, kikipatikana. Nikamwuliza usiku nitalilindaje gari lisilofungika. Akanishauri niliache hivyo hivyo bila wasiwasi, kwani hakuna mtu anayeweza kulitaka gari kama hili.

"Hilo ni kweli," akasema askari, na hapo hapo akaniomba chai ya kunilindia.