Mwalimu wa kitengo asiachwe peke yake
Habari yenu imeeleza vyema uhaba wa walimu wa elimu maalumu, lakini haikugusa upweke wa wale waliopo. Ninafundisha watoto wenye usonji katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi wilayani Bahi, na tangu nihitimu Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, sijapata mwenzangu wa fani hii wa kumwuliza kwa nini mtoto aliyetulia wiki nzima anaanza ghafla kujing'ata mkono kila kengele inapolia. Nchini Marekani mchambuzi wa tabia, yaani mtaalamu anayechunguza kinachosababisha tabia fulani, hufanya kwanza kazi chini ya usimamizi ndipo athibitishwe. Sisi tungeanza kwa kukutana siku moja kila mwezi, walimu wa vitengo vya Bahi, Chamwino na Dodoma mjini, kila mmoja na daftari lake la kilichotangulia tabia na kilichofuata, bila kutaja jina la mtoto. Kikwazo ni nauli, nayo halmashauri zinaimudu.