Nusu kwa Nusu, Nani Kakwambia?

Naishi mlango namba 8, ploti ya milango kumi, hapa Kaptembwo, Nakuru. Nane ni shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili bila baki; isiyogawanyika huitwa witiri. Nakutajia mapema ili ukinisikia nalia usidhani nina deni la kamari. Deni ninalo, lakini tutafika huko.

Maji kwetu ni ya zamu. Landilodi aliamua, keateka akatangaza akiwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu anayeomba kura: milango ya witiri itapata maji tarehe za witiri, milango ya shufwa tarehe za shufwa. "Nusu kwa nusu! Hakuna wa kulia hapa!" Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa mikono hii hii ambayo leo haina maji ya kunawa.

Mwezi ukaisha tarehe 31, witiri wakachota. Kesho yake nikatoka na ndoo zangu mbili na uso wa matumaini, kumbe ni tarehe mosi. Witiri tena! Mama wa namba 3 anafua hadi mazulia, mimi nimesimama mlangoni na mswaki mkavu mdomoni. Usiku nikaitoa kalenda ukutani nikahesabu siku moja moja. Miezi saba ina siku 31, na kila mmoja unawapa wao siku 16, sisi 15. Kwa mwaka mzima wao wanapata siku 186, sisi 179. Mwaka ambao Februari inafika 29 wanatuzidi kwa siku nane badala ya saba. Nikampelekea keateka hesabu zote kwenye karatasi. Hakuisoma. Akaniambia malalamiko ya kalenda nimpelekee aliyeitengeneza. Nikamuuliza binti yangu, yeye ni wa sekondari, akasema urefu wa miezi tuliurithi kwa Julius Caesar, na kwamba huyo walishamalizana naye kwa visu. Basi kesi ikafa.

Na usiniambie nikachote ziwani. Ziwa Nakuru liko pale chini, lakini maji yake ni ya magadi, hayo waachie heroe. Visima navyo vina floraidi, ndiyo maana wengi tuliokulia hapa tukicheka unaona meno ya rangi ya chai ya maziwa.

Keateka alipoona tumenuna, akaleta haki nyingine, ya kuosha choo. Kila Jumamosi anatia kofiani vizibo kumi vya soda vilivyoandikwa 1 hadi 10, anachomoa viwili, anajumlisha. Jumla ikitoka shufwa, wanaosha witiri. Ikitoka witiri, tunaosha sisi. Nusu kwa nusu! Nimeosha choo kile mpaka nakijua kila ufa.

Binti yangu alinieleza kwa mfano wa mboga, kwa sababu anajua babake akiona sehemu ya hesabu analala. Alisema: baba, ukishachomoa kizibo cha witiri, kofiani vimebaki tisa, witiri wanne na shufwa watano. Ukianza na shufwa, vinabaki shufwa wanne na witiri watano. Yaani kizibo cha kwanza kiwe kipi, wa kabila lake wamepungua mmoja, kwa hiyo cha pili kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha upande wa pili, na witiri ukijumlisha na shufwa unapata witiri. Jozi zote ni 45. Witiri 25, shufwa 20. (Mboga ziliingia wapi? Sukuma na nyanya. Niliacha kufuatilia kwa sababu nilikuwa na njaa.)

Nilipomlilia muuza kahawa mmoja wa Bondeni, mzee wa kanzu, aliniambia witiri ni jina la sala ya usiku, na kwamba Mola ni mmoja na hupenda witiri. Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza. Mambo yakishafika huko, utakata rufaa wapi?

Sasa deni. Mlango namba 5 anakaa mzee mmoja mstaafu wa reli. Mzee mpole, saa kubwa ya mkono, salamu yake ni "kijana, umeshindaje?" ingawa mimi mwenyewe nina mvi za kutosha. Jioni moja tumekaa kwenye benchi ya duka, akasema tucheze vidole. Kila mtu anaficha mkono nyuma, tunahesabu moja, mbili, tatu, kila mmoja anatoa kidole kimoja au viwili. Kidole kimoja ni shilingi kumi. Jumla ikiwa shufwa, ananilipa. Ikiwa witiri, namlipa. Akaniachia nichague upande, nami nikashika shufwa. Ningechagua nini tena? Ningeusaliti mlango wangu?

Na usidhani sikupiga hesabu kwanza. Nilipiga! Kimoja na kimoja ni viwili, napata 20. Viwili na viwili ni vinne, napata 40. Jumla 60. Yeye kimoja na viwili, 30; viwili na kimoja, 30. Jumla 60. Sitini kwa sitini. Nikajiambia, hapa hata ningekuwa mjinga singeibiwa.

Mwezi ukaisha ananidai. Nilibadilisha kila kitu. Nilitoa kimoja jioni nzima, nikaliwa. Nikatoa viwili jioni nzima, nikaliwa. Nikafumba macho, nikatoa mkono wa kushoto, siku moja nilimwacha mpita njia aninong'oneze. Si kwamba nilikuwa napigwa vibaya, la, jioni nyingine nilirudi nyumbani na hamsini yake mfukoni nikinunua mandazi kwa maringo. Lakini wiki ikiisha mfuko ni mwepesi, kama gunia la mahindi lenye tundu la panya.

Binti akaja kukaa benchi na daftari. Hakutazama vidole vyangu hata kidogo, alimtazama mzee. Tulipofika nyumbani akaniambia mzee anatoa kidole kimoja karibu mara saba katika kila kumi na mbili, na viwili mara tano. Basi. Hiyo ndiyo siri. Nikamwambia hiyo si siri, hiyo ni tabia. Akanichorea:

Nikitoa kimoja mara kumi na mbili, mara saba tunafanana, napata 20 mara saba, 140. Mara tano tunatofautiana, nalipa 30 mara tano, 150. Nimepoteza kumi.

Nikitoa viwili mara kumi na mbili, mara saba nalipa 30, hiyo 210. Mara tano napata 40, hiyo 200. Nimepoteza kumi.

Kumi ileile! Nitoe nini, nichanganye vipi, niombe au nisiombe, kila mikono kumi na mbili natozwa shilingi kumi kwa wastani. Mikono 120 ni soo nzima. Mzee amenifanya mpangaji wake.

"Na anakumbukaje asikosee?" nikauliza.

"Baba, hujaona anavyoangalia saa?"

Nilikuwa nimeona! Kila kabla ya kutoa mkono anatupa jicho kwenye saa yake, nami nadhani anasubiri taarifa ya habari. Kumbe anaangalia mshale wa sekunde. Ukiwa kati ya 12 na 7, anatoa kimoja. Ukiwa umepita 7, anatoa viwili. Saba kwa kumi na mbili, bila kufikiri, na wewe huwezi kumsoma usoni kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui atatoa nini mpaka aangalie.

Kesho yake nilifika benchi na saa yangu ya mtumba. Nikasema, mzee, shikamoo, leo witiri ni mimi. Akakubali bila neno. Naangalia saa, natoa kimoja. Naye kimoja. Shufwa, nalipa 20. Naangalia saa, natoa kimoja. Naye kimoja. Mkono wa tano nimeshaachia soo. Ndipo binti aliponiinamia sikioni: "Baba, mshale wako hauendi." Kweli, unatetemeka tu pale kwenye 4 kama kuku aliyenyeshewa, hausogei. Mzee aliliona hilo tangu mkono wa pili. Alitabasamu, meno yote ya Nakuru nje, akasema kesho turudi kwenye pande zetu za zamani.

Leo ni tarehe mosi, na jana ilikuwa 31. Sina maji hata ya kulowesha kitambaa. Mzee amenigongea mlango sasa hivi, anauza yake, mtungi shilingi 20, akauliza nataka mingapi. Nilikuwa na mswaki mdomoni, nikamwonyesha vidole viwili.

Akaangalia saa. Akatoa kimoja.

"Tatu hizo, kijana. Thelathini."